Hodi Katika Ghala la Vumbi

Jumatatu, 10 Machi 2025
Leo nimekabidhiwa funguo tatu: ya maabara, ya kabati la kemikali na ya Ghala la Vumbi. Meneja wa uzalishaji, Bwana Wainaina, alinipa mbele ya zamu nzima ya asubuhi na kunitambulisha kuwa "Injinia Nekoye, wa mradi wa zinki". Sikumsahihisha kwamba bodi ya wahandisi bado haijanisajili. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu. Ijumaa, tarehe tisa Mei, wakurugenzi watafika hapa Ruiru. Nikiwawekea mezani zinki safi iliyotolewa kwenye taka yao wenyewe, nitaajiriwa kwa kudumu na mtambo utajengwa. Nikishindwa, nitarudisha funguo.

Naandika haya ili baadaye, nitakapoulizwa mradi ulianzaje, nisitegemee kumbukumbu tupu. Tanuri letu la umeme huyeyusha vyuma chakavu, na sehemu kubwa ya vyuma hivyo ni mabati ya zamani ya nyumba. Bati hupakwa zinki. Chuma kinapoyeyuka, zinki hupanda na moshi, moshi huchujwa mnarani, na kinachobaki ni vumbi la kahawia lililo laini kuliko unga wa ngano. Robo ya vumbi hilo ni zinki. Lina pia madini ya risasi yenye sumu, ndiyo maana haliwezi kutupwa ovyo. Kwa miaka ishirini kiwanda kimekuwa kikilijaza kwenye magunia na kuyapanga ghalani. Wenzangu wanaona taka. Mimi naona mgodi ambao umekwisha kuchimbwa.

Jambo moja dogo. Tulipofika kwenye mlango wa ghala, msimamizi wa mnara, Mzee Zacharia, mtu wa miaka sitini hivi, alivua kofia na kusema, "Hodi." Akangoja kwa muda ambao mtu angehitaji kuinuka kitini. Kisha akafungua. Odongo, mpakiaji wa magunia, naye alisema hodi kabla ya kuvuka kizingiti.

"Kuna nani ndani?" niliuliza.

"Hakuna mtu," alisema Mzee.

"Sasa hodi ni ya nani?"

"Ni ya mlango, injinia."

Tulipobaki nyuma, Odongo alininong'oneza: "Ni nyoka, madam. Ukibisha inajificha. Lakini ukisikia umeambiwa karibu, usiingie. Geuka, enda zako nyumbani Kahawa Sukari ukalale." Akacheka peke yake.

Jumatano, 12 Machi
Nimechukua sampuli za magunia arobaini. Joto kali. Sijaona nyoka.

Jumatatu, 17 Machi
Nimechunguza utaratibu wa mnara. Chini ya mnara kuna hopa, faneli kubwa ya chuma inayopokea vumbi, na chini ya hopa kuna parafujo ndefu inayolisukuma vumbi hadi kwenye magunia. Vumbi likigandamana, mtu huingia ndani ya hopa kulivunja kwa fito. Ukutani kuna ubao wenye kulabu, na kila mfanyakazi ana kisahani cha shaba chenye namba yake. Anayeingia mnarani huchukua kisahani chake, anayetoka hukitundika. Kulabu ikiwa tupu, kuna mtu ndani, na parafujo haiwashwi.

Kulabu ya 41 ni tupu siku zote. Nilimwuliza Odongo. Alisema mwenye namba hiyo aliacha kazi zamani na kuondoka na kisahani.

Kila mara kabla ya kuwasha parafujo, Mzee Zacharia hupita ubao mzima akigusa visahani kimoja kimoja kwa kidole. Akifika 41 husimama. Nimepima: dakika tano na sekunde ishirini. Nimeandika pendekezo la kuweka kamera ndani ya hopa, ili kuokoa muda huo.

Asubuhi nilikunywa chai kwa Mama Wamboi langoni. Ana meza, jiko la makaa na birika mbili, na anajua zamu ya kila mtu. "Wewe ndiye kairitu wa vumbi, huyu msichana mgeni?" aliniuliza. "Kula chapati. Hiyo vumbi inakula mtu akiwa na njaa." Sikuelewa kama ulikuwa utani.

Alhamisi, 20 Machi
Ugunduzi! Kwenye kona ya nyuma, chini ya turubai, kuna magunia kumi na tisa yaliyotengwa na mengine. Nina kipimaji cha mkononi, ambacho Odongo amekibatiza "bunduki": unakielekeza kwenye gunia, kinakuambia limebeba madini gani. Magunia ya kawaida yana zinki asilimia 24. Haya yana 33. Bila shaka ni ya mwaka ambao mabati mengi yaliyeyushwa. Kwa magunia haya sitashindwa tarehe tisa Mei.

Mzee Zacharia alinikuta nikifunua turubai.

"Hayo yaache."

"Mzee, ndiyo bora kuliko yote ghalani."

"Wee kairitu, magunia ni mia tisa. Chukua mia nane na themanini na moja."

Nilimwomba anipe sababu ya kitaalamu. Alilirudisha turubai, akalikunja pembe zake vizuri, kama mtu anayetandika kitanda, akaenda zake. Nimemwandikia Bwana Wainaina kuomba idhini.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua imeanza.

Jumanne, 25 Machi
Leo niliingia ghalani bila kubisha. Niliona aibu kwamba kwa wiki mbili nimekuwa nikibisha hodi mimi pia, mtu mwenye shahada.

Ndani kulikuwa kimya, isipokuwa mvua juu ya paa. Vumbi lilikuwa limetua upya sakafuni, laini, bila alama hata ya panya. Nilipofika katikati niliona turubai la kona likiinuka polepole, likakaa, kisha likashuka. Likainuka tena. Nilihesabu mara kumi na nne kwa dakika moja.

Maelezo yapo. Vumbi letu lina chokaa. Chokaa ikikutana na unyevu hutoa joto, na hewa yenye joto huinua turubai. Niliingiza kipimajoto katikati ya gunia la kwanza: nyuzi 36.8. La pili: 36.8. Yote kumi na tisa yalikuwa 36.8. Nilipima magunia mapya yaliyo karibu na mlango, ambayo chokaa yake ndiyo yenye nguvu na ambayo ndiyo yanayovujiwa na mvua. Yalikuwa 21.

Baada ya miaka mingi chokaa ya konani ilipaswa kuwa imekwisha nguvu. Nitatafuta maelezo.

Alhamisi, 27 Machi
36.8.

Jumatano, 2 Aprili
Idhini imetoka. Bwana Wainaina alisema, "Nekoye, hapa si chuo. Huombi ruhusa ya kutumia taka." Odongo alihamisha magunia manne ya kwanza hadi maabara. Alibisha hodi, akaingia, akayabeba begani moja baada ya jingine, na mara hii hakutania.

"Yako na joto, madam. Ni kama kubeba mtoto amelala."

Mzee Zacharia alikaa kwenye mawe nje ya mnara, mvuani, bila kofia. Nilimpelekea mwavuli. Aliupokea, akauweka chini bila kuufungua.

Jumanne, 8 Aprili
Nimefaulu. Nililoweka vumbi katika soda kali iliyochemshwa, likatoa zinki yake. Nikachuja, nikapitisha umeme. Kufikia saa tisa alasiri bamba lilikuwa limevaa unga wa kijivu unaong'aa. Nilimpigia mama Bungoma, nikamwambia nimetoa madini kwenye uchafu. Akaniuliza, "Na huo uchafu mwingine uliobaki, unaupeleka wapi?" Ni swali zuri. Tope linalobaki baada ya kuchuja nimelihifadhi katika ndoo mbili zenye mfuniko, hadi nipate kibali cha kulitupa.

Ghalani, magunia kumi na matano yaliyobaki: 38.1.

Ijumaa, 11 Aprili
Majibu ya maabara ya Nairobi yamefika. Zinki, risasi na chuma ni kama nilivyotarajia. Lakini sampuli za konani zina fosforasi mara arobaini ya magunia mengine, na kalsiamu ya ziada. Tanuri la chuma halitoi fosforasi ya namna hiyo kwenye moshi. Fosforasi na kalsiamu kwa pamoja ni mbolea. Yawezekana magunia hayo yaliwahi kubeba mbolea. Katika ripoti nimeandika: "uchafu usio na madhara kwa mchakato".

38.4.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimechunguza magunia. Yalinunuliwa mapya, yana nembo ya kiwanda. Hayajawahi kubeba mbolea. Nimebadilisha neno: "uchafu usioelezeka".

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu. Odongo na mimi tulikutana Kamakis kula nyama, kwa kuwa wote wawili hatukupata nauli ya kwenda magharibi. Mvua ilipiga mabati ya kibanda hata tukalazimika kuzungumza kwa sauti. Nilimwuliza mwenye namba 41 alikuwa nani.

"Kiama? Bwanake mathe wa chai."

"Mama Wamboi?"

"Enyewe hukujua? Ile mwaka walisema ametoroka na dame mwingine. Alitoka kazini, hakufika nyumbani. Simu yake ilipatikana kwa lokari, ile kabati yake ya kazini. Watu wa kwao Ngoliba walimwambia mathe ni yeye alimfukuza na mdomo. Wakamnyima hata mahali pa kulima. Ndio akakuja kukaa hapo kwa geti."

"Kwa nini hapo?"

Odongo alitafuna kwa muda. "Ati hajawahi kumwona akitoka."

"Na hodi ilianza lini?"

"Nilipata watu wakibisha. Nikabisha." Alisukuma sahani. "Wewe uliacha, si ndiyo? Nilikuona."

Jumanne, 22 Aprili
Nimeyeyusha unga wa zinki na kuumimina kwenye kalibu. Kipande kimetoka cheupe, ukubwa wa mche wa sabuni, na juu yake yametanda yale maua yanayoonekana kwenye bati jipya. Nilikaa nikikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bwana Wainaina alikipima kwa kiganja.

"Kizuri. Lakini kimoja ni sampuli, Nekoye. Wakurugenzi hawaji kuona sampuli. Nataka ishirini mezani. Maliza ile kona yote."

39.0. Mtu mwenye joto hilo angepelekwa hospitali.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua siku nzima. Nilibisha hodi. Hakuna aliyenisikia.

Jumanne, 29 Aprili
Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Odongo alileta gunia la tano. Ili vumbi liyeyuke kwa usawa, niliamua kulipitisha kwanza kwenye chekeche, jambo ambalo sikufanya kwa magunia manne ya mwanzo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupata matokeo. Chekeche ilitetemeka, vumbi likapita, na juu ya wavu vikabaki vitu vilivyokuwa vikubwa kuliko matundu.

Nilifikiri ni madonge ya chokaa. Yalikuwa meupe, mepesi, yenye vinyweleo kama mkate. Nilichukua moja kwa koleo. Nimesoma biolojia hadi kidato cha nne. Nilijua nilichoshika kabla ya kukubali kwamba najua.

Kisha kikasikika kitu kikilia juu ya wavu, ting, ting, ting, kadiri chekeche ilivyotikisika. Nilizima mashine. Nilikipangusa kwa kidole cha glavu. Shaba, mviringo, tundu moja juu. 41.

Nakumbuka mambo mawili tu ya dakika zilizofuata. La kwanza ni kwamba nilisema kwa sauti, ndani ya maabara yangu mwenyewe, "Samahani." La pili ni kwamba nilitazama rafu ya ukutani, zilipo zile ndoo mbili za tope. Mifupa haiyeyuki katika soda kali. Imo humo. Magunia manne ya kwanza nimekwisha kuyachemsha, kuyachuja na kuyaandikia ripoti. "Uchafu usioelezeka." Mwandiko ni wangu.

Odongo aliingia na gunia la sita begani. Aliona kisahani. Alilishusha gunia polepole mno, akalipanga wima, akavua kofia.

"Madam," alisema. "Mimi nimekuwa nikisema ni nyoka."

Tulirudisha magunia yote mawili ghalani. Nilifunga yale meupe katika kitambaa safi. Tulibisha hodi, wote wawili, tukangoja.

Jumatano, 30 Aprili
Sikwenda kazini.

Ijumaa, 2 Mei
Mzee Zacharia alikuwa akinisubiri kwenye mlango wa ghala saa nane mchana, zamu zikibadilishana. Alikuwa amevaa suti ya kanisani chini ya koti la mvua. Nilimwonyesha kisahani. Hakukigusa.

"Keti, injinia," alisema, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa. "Ilikuwa saa kama hii. Mvua kama hii. Vumbi ilikuwa imeshikana huko juu, nikamtuma Kiama aivunje. Nikaenda kuandika kitabu cha zamu. Nikarudi, hopa imenyamaza. Nikaangalia ubao."

"Kulabu ilikuwa tupu."

"Ilikuwa tupu. Lakini ya Kiama ilikuwa tupu kila siku! Huyo mtu alikuwa anaenda na kisahani nyumbani kwa mfuko. Walimkata mshahara mara tatu. Nikasema, haiya, huyu ameenda tena nacho." Alitazama mikono yake. "Nikawasha."

Alipangusa mvua usoni kwa kofia yake.

"Nilijua lini? Gunia ya kumi na tano. Niliona kitambaa ya ovaroli. Nikazima. Nikamaliza kwa mkono ile imebaki, gunia nne. Nikayaweka pale. Nikasema nitaripoti kesho, nikikunywa maji kwanza, nikiomba kwanza. Kesho yake Wamboi akakuja kwa geti kuuliza. Nikamwambia ametoka zamu. Hiyo kesho imekuwa miaka kumi na moja."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, yenye vifungu vya sheria ya usalama kazini. Badala yake niliuliza kuhusu hodi.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto.

"Ningeingiaje kwa mtu bila hodi?"

Nimefuta pendekezo langu la kamera. Nilipoingia kupima: 37.5.

Jumatatu, 5 Mei
Nimemweleza Bwana Wainaina kila kitu, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Sidhani kuwa ni mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga.

"Masikini," alisema. "Masikini, Kiama. Nilikuwa karani hapa wakati huo." Kisha akavuta kalenda. "Wakurugenzi ni Ijumaa. Wakisikia hili kabla ya kusaini, wanafunga ghala, wanafunga mradi, na wewe unaenda nyumbani. Ngoja hadi Jumatatu. Siku tatu baada ya ziara, ninaita polisi mimi mwenyewe. Mtu amengoja miaka kumi na moja, Nekoye. Wiki moja ni nini?"

Hoja yake haikuwa na kasoro. Nilitikisa kichwa kukubali. Akaongeza kwamba kona haihitaji kuguswa tena; vipande nimimine kutoka magunia ya kawaida.

Jumanne, 6 Mei
Nimemimina vipande sita. Ni vyeupe kabisa.

Jumatano, 7 Mei
Vipande kumi na viwili zaidi. Pamoja na kile cha kwanza, ni kumi na tisa. Sikupanga iwe hivyo. Unga ulikwisha.

Jioni Mama Wamboi alinifungia chapati mbili kwenye gazeti. "Umekonda, mami. Watu wako watasema Wakikuyu hatukukulisha." Kisahani kilikuwa mfukoni mwa koti langu, umbali wa shibiri moja kutoka mkononi mwake. Nilisema asante. Nilisema, "Kesho, mama."

Nimelisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, na tangu hapo silisikii jingine.

Alhamisi, 8 Mei
Saa nne asubuhi nilitoka nje ya lango. Wateja walikuwa wameondoka. Nilisimama mbele ya meza na kuweka kisahani kati ya birika mbili.

Mama Wamboi alikipangusa kwa leso. Alisoma namba. Alikigeuza, akakisoma tena, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na habari tofauti.

"Alikuwa anakuja nacho nyumbani," alisema. "Nilikuwa nakitoa kwa suruali nikifua. Namwambia, baba, rudisha kitu ya watu." Akakipima kiganjani. "Siku hiyo nilimpa mkononi. Nikamwambia, leo usirudi nacho."

Alikifunga kisahani kwenye ncha ya leso.

"Wapi?"

Nilimwonyesha paa la ghala, lile ambalo kwa miaka kumi na moja amekuwa akiliona kila alipoinua macho kutoka jikoni.

Alimwaga maji juu ya makaa. Alivua aproni, akafunga kilemba upya kwa uangalifu, akapita langoni. Askari hakumzuia. Odongo alikuwa kwenye ua wa mbele na alitufuata. Mzee Zacharia alikuwa mlangoni pa ghala na kofia mkononi; alipomwona, alipiga magoti kwenye matope. Mama Wamboi alimpita bila kumtazama. Nadhani siku ya kumtazama itafika; haikuwa leo.

"Hodi," alisema. "Kiama, ni mimi."

Alingoja. Sote tulingoja. Kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekaribishwa, akaingia na kuurudisha mlango nyuma yake.

Nilisimama nje na Odongo kwa dakika arobaini. Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo tulisikia vizuri. Alikuwa akizungumza kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliye jikoni mwake. Alisema kitu, akanyamaza. Akasema kingine, akanyamaza. Mara moja alicheka. Sifahamu lugha hiyo vya kutosha kuandika alichosema. Lakini najua urefu wa vituo vyake. Vilikuwa na urefu wa majibu.

"Madam," Odongo alisema kwa sauti ya chini, "hiyo umesikia ni mtu mmoja?"

Nilimwambia ni mwangwi wa mabati. Kisha nikapiga simu polisi.

Ijumaa, 9 Mei
Wakurugenzi walifika saa tatu na kukuta utepe wa polisi umezunguka ghala. Waliwekewa vipande kumi na tisa mezani. Mmoja alikiinua kile cha kwanza kwenye mwanga akasema maua yake yanapendeza. Nilimwambia vumbi lake lilitoka wapi. Alikirudisha mezani kwa mikono miwili.

Mradi umesimamishwa. Nimerudisha funguo tatu. Bwana Wainaina alizipokea bila kuniangalia, kisha akaniita nilipokuwa tayari nimefika mlangoni, akasema, "Ulifanya vizuri," kwa sauti ya mtu anayeomba asinukuliwe.

Jumamosi, 7 Juni
Mvua imekwisha tangu wiki iliyopita.

Tulizika jana, Ngoliba, katika shamba la kwao Kiama. Ndugu zake walimtafutia Mama Wamboi kiti cha mbele wakakipangusa. Daktari wa serikali alikuwa amethibitisha kwamba mifupa ni ya Kiama. Magunia kumi na tisa hayakuweza kutenganishwa na aliyekuwa ndani yake, kwa hiyo yalizikwa kama yalivyo: kumi na matano, na ndoo zangu mbili, ambazo nilizibeba mimi mwenyewe na sikukubali kusaidiwa. Kwa kuwa vumbi lina risasi, nilisisitiza kaburi lijengwe kwa zege chini, pande zote na juu, lisije likavuja kwenye mashamba. Ulikuwa mchango wangu pekee wa kitaalamu. Mzee Zacharia, aliye nje kwa dhamana, alisimama barabarani mpaka mwisho. Hakuitwa wala hakufukuzwa.

Leo asubuhi Mama Wamboi aliniomba nimsindikize kuona kama zege imeshika. Anga lilikuwa wazi, shamba limekauka, upepo wa baridi. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kaburi. Akakiacha hapo.

"Nekoye. Kuja uguse."

Niligusa. Chini ya kiganja changu zege ilikuwa na joto, joto tulivu ambalo nimelijua msimu mzima.

Aliniinulia macho. "Wewe umesoma. Kwa nini ana joto?"

Maelezo yapo. Saruji ikichanganywa na maji hutoa joto kwa siku kadhaa, na zaidi siku ya kwanza. Kila fundi wa ujenzi analijua hilo. Kipimajoto kilikuwa mkobani, kwenye mfuko wa pembeni, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari umefungua zipu.

Niliifunga.

"Sijui, mama," nilimwambia. Na tukakaa pale, viganja vyetu vikiwa chini, mpaka jua likafika juu na haikuwezekana tena kusema joto ni la nani.